Jazz ya Kinshasa si ile ya New York
GISENYI — Mpenzi wa roki akivuka Petite Barrière kwenda Goma kuulizia jazz, huenda akapewa OK Jazz ya Franco. Hajadanganywa, ila kama alitaka jazz ya Marekani, amepata kitu kingine.

Joseph Kabasele aliunda African Jazz mwaka 1953, OK Jazz ikafuata mwaka 1956, zote Léopoldville, Kinshasa ya leo. Neno jazz lilikuwa la kujipamba kisasa. Muziki wenyewe ulikuwa rumba.

Hata hivyo, asirudishe. Sikio la roki hufuata gitaa, na gitaa la Nico Kasanda wa African Jazz litamfungulia njia. Sebene humzoesha mtu kusikiliza ala zikijibizana bila kungoja kiitikio, jambo linalowashinda wageni wengi wa jazz. Manu Dibango, Mkameruni wa saksafoni, naye alipita bendi ya Kabasele.

Kisha Miles Davis. Wengi huelekezwa Kind of Blue ya mwaka 1959, tulivu mno kwa aliyekulia magitaa ya umeme. Heri Bitches Brew ya mwaka 1970: ina gitaa la John McLaughlin, na kelele za kutosha. Isipomwingia mara ya kwanza, airudie jioni, biashara ikishafungwa.