Baridi haina mpaka: simulizi ya kuwapa watoto jioni hii

Baridi ya Iringa tuliizoea: huingia Juni, hukaa Julai, huaga Agosti. Siku hizi wazee wa Kihesa wanalalamika kwamba msimu haueleweki. Mara masweta yanatolewa sandukuni mvua hazijakatika, mara Septemba imefika na watoto bado wanatetemeka wakienda shule.

Jioni za namna hiyo familia hukusanyika kuota moto, na hapo ndipo maswali ya watoto huanza. Katika nyumba zenye asili ya Kyela, Ileje au Tunduma, swali moja halikwepeki: “Bibi, mbona ndugu zako wengine ni Wamalawi?” Wengi wetu hujibu, “Ndiko wanakoishi,” tukanyamaza. Mzazi, mtoto anastahili zaidi ya hapo.

Mweleze kwamba tarehe 1 Julai 1890 Wajerumani na Waingereza walitia saini mkataba wa kugawana ardhi ya Afrika Mashariki. Mto Songwe ukafanywa mpaka: upande huu wa Wajerumani, ng'ambo ya Waingereza. Wenye mashamba hawakuulizwa. Hata Uhehe ilihesabiwa ya Wajerumani wakati Mkwawa akiitawala. Ngome yake ya Kalenga, hapo jirani yetu, waliiteka Oktoba 1894.

Mstari huo ukapita katikati ya watu. Wanyakyusa wakabaki huku, Wangonde wanaokaribiana nao kwa lugha na asili wakawa kule Karonga. Wandali wako Ileje na wako Chitipa. Wanyamwanga wako Tunduma, na wakivuka barabara tu wako Nakonde, Zambia.

Mto wenyewe haujatulia. Mvua zikizidi, Songwe hufurika na kuhama mkondo katika tambarare ya Kyela, na mkulima anaweza kuamka akakuta shamba lake liko ng'ambo.

Baridi nayo haiombi pasi. Upepo wa kusi huleta hewa baridi kutoka kusini, ukipita Msumbiji na Malawi. Wamalawi wana jina la baridi yao ya ukungu na manyunyu: Chiperoni, kutokana na mlima ulioko Msumbiji. Kwa hiyo mwanao anapojifunika blanketi Kihesa, huenda binamu yake wa milimani Chitipa naye kajifunika lake.

Basi jioni hii chukueni daftari. Bibi au babu ataje majina ya ndugu wa ng'ambo na vijiji vyao, mtoto aandike. Kama namba ya simu ipo, pigeni, watoto wasalimiane. Mpaka wa 1890 hatukuuchora sisi, lakini mtoto asiyewajua ndugu zake tumemchorea mpaka mwingine kwa kunyamaza kwetu.

Jambo moja msilisahau mkiwa mmelizunguka jiko. Moshi wa mkaa unaonekana, ila gesi yake yenye sumu haionekani wala hainuki, na huua watu usingizini. Acheni dirisha na mlango wazi. Mtu akilalamika kichwa kinauma, anasikia kizunguzungu au kichefuchefu, mtoeni nje mara moja na mumpeleke hospitali. Simulizi ikiisha, jiko litoke nje kabla mtoto hajalala, hata kama makaa yanaonekana yamezimika. Mwongezeeni blanketi.