Feza kwa simu: kwa nini programu mbili zinapaswa kusoma hati moja

Mabenki yalipofungwa Goma mwanzoni mwa mwaka 2025, simu ndiyo iliyobaki njia ya watu wengi kupokea na kutuma feza. Nyuma ya ujumbe mfupi unaotangaza kwamba malipo yamepita, kuna programu mbili au tatu ambazo ni lazima zielewane. Zisipoelewana, anayeumia ni mwenye feza.

Tuchukue mfano wa chuo kinachotaka wanafunzi walipe minervali kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Programu ya chuo inaongea na ile ya kampuni ya simu kupitia API, yaani mlango ambamo programu moja inaomba habari kwa nyingine au inaipelekea.

Makosa madogo, hasara kubwa

Programu ya chuo inatuma neno "kiasi" na namba 50. Ni dola 50 au franka 50? Katika inchi ambamo sarafu zote mbili zinazunguka sokoni kila siku, swali hilo si mchezo.

Namba ya simu nayo ina mtego wake. Ikihifadhiwa kama hesabu badala ya maandishi, sifuri ya mwanzo inapotea: tarakimu 10 zinabaki 9. Tarehe pia: 03/04 kwa Mkongo ni tarehe 3 mwezi wa 4, lakini kwa Mmarekani ni tarehe 4 mwezi wa 3.

Mara nyingi kila fundi anasoma maelezo ya mwenzake, kisha anaandika msimbo wake kwa mkono. Upande mmoja ukibadilisha jina la sehemu moja, upande wa pili unajua siku malipo yanapokwama.

Msimbo unaotoka ndani ya hati

Dawa inayotumiwa na mafundi wengi ni skima: hati moja ya pamoja inayosema kila habari inaitwaje, ni ya aina gani, na kama ni ya lazima. Google ilifungulia wote mfumo wake wa Protocol Buffers mwaka 2008. Mwingine ni OpenAPI, ambao ulianza kwa jina la Swagger na kuingia chini ya Linux Foundation mwaka 2015.

Kutokana na hati hiyo, chombo kama OpenAPI Generator kinaandika chenyewe sehemu ya msimbo: Java kwa seva, Kotlin kwa simu za Android, TypeScript kwa tovuti. Skima ikibadilika, msimbo unatengenezwa upya. Sehemu iliyoachwa nyuma inaonekana kwenye meza ya fundi, kabla ya kumfikia mwanafunzi aliyesimama kwenye dirisha la malipo.

Somo kutoka Mars

Hata hivyo, hati haifanyi muujiza. Tarehe 23 Septemba 1999, NASA ya Marekani ilipoteza chombo chake Mars Climate Orbiter kilipofika kwenye sayari ya Mars. Programu moja ilitoa vipimo vya msukumo kwa paundi, nyingine ikavisoma kama niutoni. Maelezo ya maandishi yalikuwepo na yalidai niutoni, lakini programu haikuyafuata.

Hapo kuna mambo mawili. Kwanza, hati inayokaa kwenye kabati haimlindi mtu. Inalinda pale msimbo unapotoka ndani yake na kupimwa kwayo. Pili, skima inayosema tu "hii ni namba" ingepitisha kosa lile lile, kwa sababu paundi na niutoni zote zinaandikwa kwa namba. Ni lazima kipimo kitajwe. Kwa feza, hiyo ina maana kwamba kila kiasi kifuatane na alama ya sarafu, CDF au USD, na malipo yasiyo nayo yakataliwe.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa fundi

Chuo, hospitali au butiki inayoagiza programu haihitaji kujua kuandika msimbo. Inatosha kuuliza: Skima iko wapi, na nani ana haki ya kuibadilisha? Sarafu, tarehe na namba za simu zimeelezwa humo namna gani? Na skima ikibadilika, msimbo wa pande zote unatengenezwa upya au kila mtu anasahihisha kwa mkono?

Fundi asiyekuwa na jibu kwa swali la kwanza hajamaliza kazi yake.