Je, Wajua? Unyunyu wa Kiume: Baridi na Moto Chupa Moja

Ubaridi wa kiini macho
Mentoli ya mnanaa haishushi joto la mwili hata nyuzi moja! Inaamsha tu mishipa ya fahamu inayotambua baridi, na ubongo unaingia mtegoni. Pilipili nayo huamsha ile ya joto. Kwa kufumbua siri za namna hii, David Julius na Ardem Patapoutian walitunukiwa Nobel ya tiba mwaka 2021. Kwa hila hizo za mishipa, unyunyu mmoja unaweza kukuburudisha na kukuchangamsha kwa mkupuo, hata Kirumba, Mwanza, saa saba mchana.

Iliki na mkaratusi vinachangia harufu
Punje ya iliki unayotia kwenye chai imebeba sineoli, kemikali ileile inayofanya majani ya mkaratusi yazibue pua. Watunga manukato wanaipenda iliki kwa sababu inaleta ubaridi na ukali wa viungo kwa pamoja. Na huna haja ya kuitafuta ng'ambo: inalimwa milima ya Usambara.

Karafuu ni ua lisilowahi kuchanua
Huchumwa likiwa tumba. Zaidi ya asilimia 70 ya mafuta yake ni eujenoli, ambayo hutumika pia kwenye tiba ya meno, ndiyo maana manukato mengine ya kiume hukumbusha chumba cha daktari wa meno! Hata vikonyo havitupwi: kiwanda cha Wawi, Pemba, hutoa mafuta kutoka kwenye vikonyo hivyo. Kimbunga cha mwaka 1872 kiling'oa mikarafuu mingi ya Unguja, na Pemba ikashika usukani mpaka leo.

Old Spice ilianza kwa kina mama
Manukato haya ya viungo, yanayojulikana duniani kote kuwa ya wanaume, yaliingia sokoni Marekani mwaka 1937 yakiwa ya wanawake. Ya wanaume yalifuata mwaka 1938. Pua haijui jinsia. Biashara ndiyo inayoijua.

Limau moja, kazi mbili
Pale Mwaloni Kirumba, soko la dagaa na samaki linalovuta wafanyabiashara hadi wa Kongo, limau hukata shombo kwa maji yake: asidi inazifunga kemikali za shombo zisiruke hewani. Mtunga manukato hayataki maji hayo. Anataka mafuta ya ganda, sehemu unayoitupa wewe.

Tumbo la nyangumi shingoni mwako
Katika karne ya 10, msafiri al-Masudi aliisifu ambari ya pwani yetu, kitu kinachotoka tumboni mwa nyangumi na kufanya manukato yadumu. Leo maabara hutengeneza ambroksani, mbadala wake, kwa kutumia mmea. Imo ndani ya Sauvage ya Dior ya mwaka 2015, pamoja na pilipili ya Sichuan na bergamoti, tunda la jamii ya michungwa.

Pua huchoka mapema
Ukikaa na harufu moja, baada ya dakika chache pua inaacha kuitolea taarifa. Mkazi wa jirani na Mwaloni hasikii dagaa, na wewe husikii unyunyu wako, ila daladala nzima inausikia. Kwa hiyo puliza mara mbili tu, kisha muulize mwenzako kabla ya kuongeza!