Bayeye wa Usukuma na Nyoka Wao

Mwezi Juni, mavuno yakiwa yameshaingia ghalani na pamba inapelekwa kwenye mizani, vijiji vya Magu huanza kulala kwa kuchelewa. Ni msimu wa ngoma. Watu hupanda daladala, baiskeli na bodaboda kwenda Bujora, kilima cha mawe kilichopo Kisesa, jirani na barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma. Huko ndiko hufanyika Bulabo, sikukuu iliyozaliwa na adhimisho la Ekaristi la Wakatoliki. Bulabo kwa Kisukuma ni maua. Baada ya maandamano na misa, uwanja huachiwa wacheza ngoma.

Kundi la Bagika hushika upande mmoja, kundi la Bagalu upande wa pili, na wote hupiga ngoma kwa wakati mmoja. Umati wenyewe ndio mwamuzi: kundi lililozungukwa na watu wengi zaidi limeshinda, na watazamaji hawaoni haya kuhama. Mtu anaweza kuanza mchana akiwa Mgika wa damu, jua likazama yuko katikati ya Bagalu akipiga makofi. Basi duara la kundi moja linapoanza kumomonyoka, ndipo sanduku la mbao huletwa katikati na kufunguliwa. Anatolewa chatu. Walio mbele hurudi nyuma, walio nyuma husukuma kuja mbele, na duara linajaa tena.

Ushindani huo una zaidi ya karne moja. Wasukuma husimulia kwamba katikati ya karne ya 19 waganga wawili, Ngika na Gumha Misinzo, walibishana nani ana dawa yenye nguvu zaidi. Ubishi ukaamuliwa kwa ngoma. Wafuasi wa Ngika ndio Bagika, wa Gumha ndio Bagalu. Dawa ya kuvuta watazamaji huitwa samba, na hadi leo kiongozi wa ngoma, yaani ningi, hutarajiwa kuwa nayo pamoja na sauti nzuri na utunzi. Ukimtazama chatu akipandishwa mabegani mwa mchezaji, utaona kwamba naye ni samba ya namna yake, samba inayoonekana kwa macho.

Hata hivyo, anayewafahamu Bayeye, wacheza ngoma wa nyoka, kwa uwanjani tu hajawafahamu. Buyeye ni chama cha watu wa nyoka, kilichoenea Usukuma na Unyamwezi, na kazi yake ya asili si burudani. Ni cha ukoo mmoja na vyama vingine vya kazi kama Banunguli, wawindaji wa nungunungu, mnyama anayefukua mazao usiku na kumwachia mkulima mashimo. Nungunungu aliharibu shamba. Nyoka aliua mwenye shamba. Kila hatari ilipata watu wake waliojifunza kuikabili, wakaitungia nyimbo na kuwekeana siri. Frank Gunderson, mtafiti wa muziki Mmarekani, alikusanya nyimbo za kazi za Wasukuma katika kitabu kikubwa kilichotoka mwaka 2010, na humo nyimbo za watu wa nyoka zimepewa nafasi yake pamoja na za wakulima.

Kuingia Buyeye ni kuingia shule. Mwanafunzi hulipa ada, hufunzwa porini mbali na macho ya wasiohusika, hujua miti na mizizi kwa majina ambayo mtu wa nje hayaelewi, na huchanjwa dawa mwilini. Kwa malipo hayo hapati nyoka. Anapata wajibu. Ikisikika kelele usiku kwamba swila ameingia chini ya kitanda, myeye, yaani mwanachama wa Buyeye, ndiye huamshwa. Mchuma pamba akikanyaga kifutu, myeye ndiye hufuatwa. Na kifutu hukanyagwa sana, kwa sababu tabia yake ni kutulia njiani akitegemea rangi yake ya majani makavu, wakati nyoka wengi wangekuwa wameshakimbia.

Mtu aliyeandika habari za chama hiki kwa undani mapema ni Hans Cory, mzaliwa wa Vienna aliyekuwa mtaalamu wa mila katika serikali ya kikoloni ya Tanganyika. Makala yake kuhusu Buyeye ilitoka mwaka 1946, na karatasi zake zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alikiita chama cha siri. Neno hilo linahitaji uangalifu: kilichokuwa siri ni dawa, majina na mafunzo. Wanachama wenyewe walijulikana na kila mtu kijijini, la sivyo nani angewaita?

Chatu mwenyewe ni mnyama wa kustaajabisha kumtunza. Hana sumu. Meno yake yamepinda kuelekea kooni ili windo lisichomoke, na nguvu yake yote iko kwenye mwili unaoviringa na kubana. Wapo wanaovuka mita nne. Aliyemzoea hamshiki shingoni kwa kumkaba. Humbeba kwa kumwegemeza mwili mzima, maana chatu anayening'inia bila egemeo huingiwa na hofu, na akiingiwa na hofu hubana. Mkono unaonuka kuku au mbuzi usimsogelee, kwa kuwa chatu huamini harufu kuliko macho. Asubuhi ya baridi huwa mzito kama gogo, jua likimpata hubadilika.

Kuna siku asizostahili kuguswa kabisa. Anapokaribia kujivua gamba, macho yake hugeuka meupe kama yametiwa maziwa, haoni vizuri, hakasiriki ovyo ila hujilinda ovyo. Hukataa chakula. Mtunzaji mwenye haraka ya kwenda ngomani ndiye anayeng'atwa siku hizo.

Hapa inafaa kuvuka bahari kidogo. Huko Ulaya na Marekani wapo watu wengi wanaofuga na kuzalisha buibui wakubwa wenye manyoya, na mmoja wa wanaopendwa zaidi ni wa kwetu: buibui wa rangi ya chungwa anayehusishwa na milima ya Usambara, aliyepewa jina la kisayansi Pterinochilus murinus mwaka 1897. Akiguswa hunyanyua miguu ya mbele na kuonyesha meno, na akiuma, maumivu na mikakamao ya misuli huweza kudumu siku kadhaa. Wafugaji wake humweka kwenye kisanduku cha plastiki, huandika tarehe aliyokula na tarehe aliyojivua, na humwacha peke yake anapokataa chakula kwa sababu wanajua ngozi inakaribia kutoka. Jike huishi miaka mingi. Dume akishakomaa hana muda mrefu. Mfugaji wa Ujerumani na myeye wa Kisesa wakikutanishwa, wangeelewana upesi kuhusu jambo moja: kiumbe anayeogopwa hutunzwa kwa kusoma dalili zake, na ujasiri peke yake haumfikishi mtu mbali.

Wangetofautiana kuhusu uzazi. Wafugaji wa buibui huzalisha makumi ya watoto kutoka mfuko mmoja wa mayai na kuwagawa au kuwauza. Chatu wa ngoma kwa desturi hutoka porini. Jike la chatu hutaga mayai kwa makumi, huyazungushia mwili wake na kukaa hapo karibu miezi mitatu bila kula. Akiondolewa pangoni wakati huo, kizazi kizima hupotea pamoja naye. Mawe ya Usukuma, yale majabali yaliyopangana kuanzia Mwanza hadi ndani ya Magu, ni makazi mazuri ya chatu, lakini kuni zinakatwa na mashamba yanapanda mpaka kwenye miguu ya mawe.

Sheria nayo imeingia kati. Chatu ni mnyamapori, na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009 inataka kibali kwa anayetaka kumkamata au kummiliki. Mwaka 2016 serikali ilisimamisha pia usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje ya nchi. Ni hatua za haki, ila zinaacha swali ambalo vikundi vya ngoma vinastahili kujibiwa kwa lugha nyepesi: nyoka aliye sehemu ya mila atunzwe kwa utaratibu gani, na nani aje kijijini kulieleza hilo?

Swali la dawa ni zito zaidi. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika, na linakadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kwa sababu hiyo kila mwaka duniani. Wengi ni wakulima na wafugaji, watu wa aina ileile inayojaza uwanja wa Bujora. Tangu miaka ya 1890, Albert Calmette na wenzake wa Ufaransa walipoonyesha kwamba mnyama akizoeshwa sumu kidogo kidogo damu yake hutengeneza kinga, dawa ya hospitali imetegemea njia hiyo, kwa kawaida kwa kutumia farasi. Chanjo ya Bayeye haijawa mbadala wake, na aliyeng'atwa na koboko hana muda wa kujaribu mizizi. Lakini myeye anaweza kufanya jambo ambalo zahanati nyingi haziwezi: kumtambua nyoka kwa maelezo ya mgonjwa aliyechanganyikiwa. Myeye akimpandisha mgonjwa kwenye pikipiki na kwenda naye hospitali, amefanya kazi ya chama chake.

Padre David Clement, mmisionari kutoka Quebec, aliuelewa ushirikiano wa namna hiyo, wa mila na taasisi mpya, kwa upande wa utamaduni. Alipoianza kazi ya Bujora miaka ya 1950 hakuwafukuza wacheza ngoma. Alikusanya wazee wafanye utafiti wa mila zao, kanisa likajengwa kwa umbo la nyumba ya mviringo ya Kisukuma, na makumbusho yakatenga jengo zima kwa ajili ya vyama vya ngoma.

Siku ya mwisho ya Bulabo, vumbi likiwa limetulia, chatu hurudishwa kwenye sanduku. Halishwi siku hiyo wala hakulishwa siku chache kabla yake, kwa sababu chatu aliyeshiba akishikwashikwa hutapika. Huwekewa maji. Sanduku hufunikwa gunia na kuwekwa kivulini, na watoto, ambao mchana kutwa walikuwa wakisukumana wamwone, husogea kimya wakatega sikio kwenye mbao.