Mlinzi wa Batri

Wadogo zangu, sogeeni karibu. Leo nawasimulia habari ya batri ya volti 12, ile mnayoikuta chini ya meza katika nyumba nyingi za Kirotshe, waya wake ukipanda hadi kwenye paneli ya jua juu ya mabati. Mchana inachajiwa, usiku inatoa taa, redio na chaji ya simu. Kisha mvua zinaanza. Mawingu yanashuka kutoka milima ya Masisi na kutanda juu ya ziwa Kivu siku mbili, tatu. Paneli haipati kitu, lakini taa zinawashwa vilevile. Baada ya miezi michache utasikia watu wa nyumbani wakisema batri imezeeka. Mara nyingi haikuzeeka. Imeuawa.

Sikilizeni inavyouawa. Mwaka 1859 Mfaransa Gaston Planté alitengeneza batri ya kwanza inayochajiwa tena, kwa mabamba ya risasi yaliyozamishwa ndani ya asidi. Batri yenu ya leo bado inafuata kazi yake. Ndani ina vyumba sita, kila kimoja kina volti mbili na kidogo, ndiyo maana ikijaa na kupumzika multimeta inasoma karibu 12.7. Inapotoa umeme, mabamba yanafunikwa na salfeti ya risasi. Ukiichaji mapema, salfeti hiyo inarudi kwenye asidi na mabamba yanakuwa safi. Ukiiacha tupu siku kadhaa, salfeti inaganda kuwa fuwele ngumu, na chaji ya kawaida haiziondoi. Sehemu hiyo ya bamba ndiyo imekwisha. Taa za LED zimeongeza hatari hii, maana nyingi zinaendelea kuwaka hata volti zikiwa zimeshuka mno.

Na nani ataamka saa nane za usiku apime volti? Mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani hatazima taa yake kwa hiari. Hapa tunahitaji mlinzi wa mlangoni asiyesinzia, na tunaweza kumtengeneza wenyewe.

Mlinzi huyo ni kifaa kidogo chenye miguu mitatu, kimeandikwa TL431. Msiende kukinunua kabla ya kuuliza kwa fundi wa redio: kimo ndani ya pawa za kompyuta na televisheni nyingi zilizokufa. Mguu wake mmoja unapima volti na kuzilinganisha na 2.5. Zikizidi, kinapitisha umeme, zikipungua, kinakata.

Lakini batri ni ya volti 12, si 2.5. Kwa hiyo tunazigawa kwa rezista. Ungeni rezista ya omu 33,000 na ya omu 4,700 kwa mfuatano kutoka upande wa chanya, kisha ya omu 10,000 kwenda hasi. Pale zinapokutana na ile ya 10,000, ungeni mguu wa kupima. Jumla ni omu 47,700. Gawa kwa 10,000 upate 4.77, zidisha kwa 2.5: karibu volti 11.9. Hapo ndipo mlinzi atakata. Wengine hushuka hadi 11.5 au chini zaidi. Mimi kwa batri ndogo napenda 11.9, kwa sababu saa moja ya mwanga haina thamani kubwa kuliko batri nzima.

TL431 peke yake haiwezi kubeba taa za nyumba. Inaendesha rilei, yaani swichi inayovutwa na sumaku ya koili, ya volti 12 yenye koili ya omu 200 au zaidi. Chanya ya batri inapita kwenye fyuzi, kisha kwenye mguso wa rilei ulio wazi, ndipo inafika kwenye taa. Koili na zile rezista zichukue umeme baada ya mguso huo, upande wa taa. Mwisho wa pili wa koili uende kwenye mguu wa katodi wa TL431, na mguu wake wa anodi uende hasi. Wekeni dayodi sambamba na koili, mstari wake ukielekea chanya, kwani koili inapokatwa hurusha volti kali. Mwisho, ungeni kibonyezo kinachopitisha umeme kando ya mguso.

Ukibonyeza, umeme unafika kwenye koili, rilei inashika na kujishikilia yenyewe. Batri ikishuka hadi 11.9, TL431 inakata, rilei inaachia kwa mlio wa "tak!", na mlinzi mwenyewe anazimika pia, asinyonye hata kidogo. Huu ndio uzuri ninaoupenda zaidi. Batri ikipumzika volti zake hupanda tena. Saketi ambayo ingejiwasha yenyewe ingewasha na kuzima, kuwasha na kuzima, usiku kucha. Hii inangoja kidole chako. Na ukiachia kibonyezo taa ikazimika, ujue batri haijapata chaji ya kutosha.

Hesabu hizi ni za batri ya asidi tu. Seli za lithiamu za kompyuta ya mkononi hazitakiwi kushuka chini ya volti 3 hivi kila moja, na zikikosewa zinaweza kuwaka moto. Msizifanyie majaribio bila fundi.

Fyuzi ikae karibu kabisa na chanya ya batri, isizidi ampea tano, na msiiunge saketi ikiwa mikono imelowa au vyuma vimelala juu ya batri. Kesho asubuhi, kabla ya jua kupiga paneli, pimeni batri ya nyumbani. Ikisoma chini ya 12, iacheni ijae kwanza kabla ya kuwasha taa tena.