Masomo ndani ya simu: mwanafunzi wa Butembo na Beni afanye nini kusudi kazi yake isipotee?

Ni saa nne ya usiku. Umeme umekatika, mega zimebaki kidogo, na mlango wa kutuma kazi utafungwa saa sita. Wanafunzi wengi wa vyuo vikuu vya kwetu wanaijua hali hiyo. Lakini jukwaa la masomo kwa intaneti ni kitu gani?

Ni kama nyumba ya somo. Profesa anaweka humo silabusi, maswali na tarehe. Mwanafunzi anaingia na neno lake la siri, anasoma, anatuma kazi, kisha anaona pointi zake. Linalojulikana sana ni Moodle, lililotolewa mwaka 2002 na Martin Dougiamas wa Australia. Chuo hakilipi ruhusa ya kulitumia, lakini kinahitaji seva, umeme na fundi wa kulichunga.

Hapa kwetu haja ilionekana mwaka 2020. Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ilikuwa haijaisha, Korona nayo ikafika. Mwezi wa tatu serikali ikafunga shule na vyuo kote inchini. Kisha ikaja LMD: licence ni krediti 180, ni kusema 60 kila mwaka, na kazi ya mwanafunzi mwenyewe nje ya darasa inahesabiwa humo. Ile kazi lazima ipite mahali fulani.

Mara nyingi inapita kwa WhatsApp. Ni rahisi, lakini faili inazama katikati ya salamu, na hakuna daftari ya kuonyesha nani ametuma. Jukwaa linaandika siku na saa. Mwalimu akisema «sikuona kazi yako», kuna ushahidi. Lakini saa ileile inaweza kumfungia mlango mwenye alikosa umeme, ao mwenye alikimbia vita na kitochi tu mkononi.

Basi, fanya hivi:

- Ukipata mtandao mzuri, shusha masomo mapema. Programu ya Moodle ya simu inakuruhusu kusoma bila intaneti, ikiwa chuo kimeiruhusu.
- Anza na maandishi. Video inakula mega nyingi sana.
- Tuma kazi siku moja mbele, kisha piga picha ya skrini yenye kuonyesha imepokelewa.
- Ukitumia simu ya mwenzako ao kompyuta ya sibere, toka kwenye akaunti yako mbele ya kuondoka.
- Ukizuiliwa na usalama ao umeme, julisha CP na mwalimu mbele ya saa kufika, si kisha.

Kwa walimu pia: muda wa siku tatu ni bora kuliko wa usiku mmoja, na karatasi ingali kazi. Mwanafunzi apimwe ju ya akili yake. Asipimwe ju ya betri ya simu yake.