Kabla hujatuma shairi redioni, pima mizani

Msikilizaji, shairi la redioni husikika mara moja tu. Halisomwi tena kama gazeti. Mizani, vina na kibwagizo humsaidia aliye shambani au anayechunga ng'ombe alishike shairi hilo na kulikumbuka. Tazama ubeti huu tuliotunga kwa mfano:

Wingu latanda mbugani, tushike jembe mapema,
Tupande mbegu jamani, za pamba na za mtama,
Magugu tuyang'oeni, shamba libaki salama,
Anayebaki nyumbani, njaa itamuandama.

Mizani ni hesabu ya silabi. Piga kofi kwa kila silabi: wi-ngu-la-ta-nda-mbu-ga-ni. Ni nane. Nusu ya pili nayo ni nane, jumla 16 kwa kila mstari. Wengi hukosea kwenye herufi m. Katika "mbugani" imeungana na b: mbu-ga-ni, mizani tatu. Katika "mtama" inasimama peke yake: m-ta-ma, tatu pia. Kwa kawaida tungesema "itamwandama", lakini mizani moja ingepungua, ndipo tukarefusha neno. Mshairi anaruhusiwa, mradi aeleweke.

Vina ni silabi zinazofanana: -ni katikati, -ma mwishoni. Ndivyo sikio linavyojua nusu ya mstari imeisha. Usiingize neno lisilo na maana ili tu upate kina, ujumbe utapotea.

Kibwagizo ni mstari wa mwisho unaorudiwa katika kila ubeti. Ni kama kwenye ngoma: manju huleta maneno mapya, watu huitikia yale yale. Basi weka hapo neno lako kuu. Kwetu hapa ni onyo la njaa.

Kanuni hizi si za watu wa pwani peke yao. Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, mwisho wa njia ya misafara iliyopita Tabora, alizieleza katika kitabu chake Sheria za Kutunga Mashairi, kilichotoka mwaka 1954.

Ukimaliza kutunga, msomee jirani kwa sauti. Ukijikwaa, hesabu upya mstari huo. Akiweza kurudia kibwagizo bila kuangalia simu yako, shairi liko tayari kutumwa.